Nyama mbichi kwa paka: hatari haiishii kwenye sahani yake

Desemba 24, 2024, Idara ya Kilimo ya Jimbo la Oregon nchini Marekani ilitangaza kifo cha paka mmoja katika Kaunti ya Washington. Paka huyo alikuwa wa ndani, hatoki nje, na wachunguzi hawakuona njia nyingine ya kuambukizwa katika mazingira yake. Alikufa kwa homa ya mafua ya ndege ya H5N1. Chakula chake kilipopimwa, nyama mbichi ya bata mzinga iliyogandishwa ya kampuni ya Northwest Naturals ya Portland, walikuta virusi vilivyofanana kijenetiki na vile vilivyomuua. Kampuni ikaondoa sokoni toleo hilo la chakula.

Kifo cha paka mmoja kinaweza kuonekana jambo dogo kwenye safu ya afya ya binadamu. Lakini chakula hicho kilihifadhiwa kwenye jokofu la familia, kikafunguliwa juu ya meza ya jikoni, kikawekwa kwenye bakuli na mtu aliyetumia mikono yake. Kilichomfikia paka kilipita kwanza kwa binadamu. Ndiyo maana wiki hii tunaliangalia suala la kulisha paka nyama mbichi kwa jicho la mzazi na la mgonjwa, si la mfugaji peke yake.

Halikuwa tukio la kwanza

Kabla ya Oregon, dalili zilikuwa zimeshaonekana sehemu nyingine duniani.

Katikati ya mwaka 2023 nchini Poland, paka wengi waliugua ghafla katika miji mbalimbali kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliripoti Julai mwaka huo kwamba kati ya wanyama 47 waliopimwa, 29 walikutwa na H5N1. Baadhi yao walikuwa paka wa ndani kabisa. Chanzo hakikuthibitishwa moja kwa moja, lakini nyama mbichi ya kuku ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa.

Mwezi huohuo huko Seoul, Korea Kusini, paka wa vituo viwili vya kutunza wanyama walikufa kwa virusi hivyohivyo. Safari hii virusi vilikutwa ndani ya chakula chenyewe, kilichotengenezwa kwa nyama mbichi ya bata.

Mwaka 2024 virusi vya H5N1 vilipoingia kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, paka walikuwa miongoni mwa walioonyesha mapema kwamba kuna tatizo. Katika shamba moja la Texas, paka wapatao 24 walikuwa wakipewa maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Zaidi ya nusu yao walikufa.

Januari 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji wa chakula cha paka na mbwa wanaotumia nyama, mayai au maziwa yasiyopikwa ya kuku au ng'ombe wapitie upya mipango yao ya usalama na kuiweka H5N1 kwenye orodha ya hatari zinazojulikana. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu iliacha kuyaona matukio haya kama bahati mbaya ya kampuni moja na kuyatambua kuwa ni tatizo la aina ya chakula.

Kwa nini watu huwapa paka nyama mbichi?

Tusiwadharau wanaofanya hivyo. Wengi ni watu wanaowapenda sana wanyama wao. Wanasema paka ni mla nyama kwa maumbile, na hilo ni kweli. Mwili wa paka hauwezi kuishi kwa ugali na mchicha. Anahitaji protini nyingi ya wanyama, vitamini A iliyo tayari kutoka kwenye nyama, na kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha.

Wanasema pia kwamba porini paka hapiki panya wake. Nalo ni kweli. Lakini panya aliyekamatwa sasa hivi na kuliwa palepale, akiwa mzima na mifupa, ini na moyo wake, si sawa na nyama iliyochinjwa, ikasagwa pamoja na nyama ya wanyama wengine wengi, ikasafirishwa na kukaa siku kadhaa. Kwenye kusaga, kipande kimoja chenye vijidudu huchafua ndoo nzima. Na paka wa porini mara nyingi haishi miaka mingi. Sisi tunataka paka wa nyumbani afike miaka 15 bila kuleta ugonjwa kwa watoto.

Kuna hoja nyingine inayotajwa mara kwa mara: majaribio ya daktari wa Kimarekani, Francis Pottenger, yaliyofanywa kati ya 1932 na 1942. Alilisha mamia ya paka, wengine nyama mbichi na wengine nyama iliyopikwa. Waliokula iliyopikwa walidhoofika, wakazaa watoto dhaifu. Kwa miaka mingi jambo hilo limechukuliwa kuwa ushahidi kwamba moto huharibu chakula cha paka.

Wakati ule taurini haikujulikana kuwa ni ya lazima kwa paka. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka wanaoikosa huharibika retina na kupoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba kuikosa hupanua moyo na kuudhoofisha. Nyama ikichemshwa, sehemu ya taurini hutoka na kuingia kwenye maji. Ukiyamwaga maji hayo, umemwaga taurini. Tatizo hilo linatatuliwa kwa kumpa paka nyama pamoja na mchuzi wake, au chakula kilichoongezwa taurini, kama vyakula vizuri vya dukani vinavyofanya leo. Hakuna haja ya kurudi kwenye nyama mbichi.

Vipimo vilikuta nini?

Virusi vya mafua ya ndege ndivyo vilivyopata vichwa vya habari, lakini kwa familia ya kawaida hatari ya kila siku ni ya vijidudu vya zamani tunavyovifahamu.

Mwaka 2018 watafiti nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima pakiti 35 za nyama mbichi iliyogandishwa ya wanyama wa nyumbani, kutoka kampuni nane. Bakteria wa listeria wanaosababisha ugonjwa kwa binadamu walikutwa kwenye pakiti 19. Salmonela ilikutwa kwenye 7. Aina ya E. koli iitwayo O157, inayoweza kuharibu figo za mtoto, ilikutwa kwenye 8. Kimelea cha toksoplasma kilikutwa kwenye 2.

Marekani nako, FDA ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama kati ya 2010 na 2012. Sampuli 15 zilikuwa na salmonela na 32 zilikuwa na listeria.

Tukio la Uingereza linatuhusu kwa namna ya pekee. Kuanzia mwishoni mwa 2018, madaktari wa mifugo walianza kuona paka wa ndani wanaougua kifua kikuu cha ng'ombe, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa paka asiyetoka nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walifuatilia na kukuta kwamba paka hao walikuwa wamekula chakula kibichi cha dukani cha nyama ya paa. Walioonyesha ugonjwa walikuwa 47, na wengine wasiopungua 83 walikutwa wameambukizwa bila dalili. Baadhi ya watu waliokuwa wakiishi na kuwahudumia paka hao nao walionyesha kwenye vipimo kwamba huenda walikuwa wamekutana na bakteria hao.

Uingereza ni nchi yenye ukaguzi mkali wa nyama. Hata hivyo kifua kikuu kilipita mpaka kwenye bakuli la paka. Hapa Afrika Mashariki kifua kikuu cha ng'ombe kipo katika mifugo yetu, na hiyo ni sababu mojawapo ya wataalamu kutuhimiza tuchemshe maziwa. Nyama tunayoipika hadi iive haina shida hiyo, kwa kuwa moto huua bakteria. Nyama ile ile ikipewa paka ikiwa mbichi, ulinzi huo haupo.

"Lakini nyama imepigwa muhuri"

Wasomaji wengi watasema: nyama yangu nanunua kwenye bucha linaloaminika, nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ni jambo jema, na endelea kufanya hivyo. Lakini tuelewe muhuri huo unasema nini.

Mkaguzi wa nyama huangalia mnyama kabla na baada ya kuchinjwa. Hutafuta majipu, minyoo, vivimbe kwenye mapafu na ini, na dalili nyingine zinazoonekana kwa macho. Salmonela haionekani kwa macho, haina harufu, wala haibadilishi rangi ya nyama. Kuku anaweza kuwa mzima kabisa huku akiibeba kwenye utumbo wake. Mfumo mzima wa ukaguzi umejengwa kwa matarajio kwamba mlaji wa mwisho ataipika nyama. Jiko lako ndilo kituo cha mwisho cha ukaguzi. Anayempa paka nyama mbichi anakiruka kituo hicho.

Wengine hutegemea friza. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa hupunguza sana vimelea kama toksoplasma. Lakini baridi haiui salmonela, listeria wala virusi vya mafua; huvilaza tu. Nyama ya Oregon ilikuwa imegandishwa, na virusi bado vilimuua paka. Hata nyama mbichi iliyokaushwa kwa baridi, inayouzwa kama vipande vikavu, ihesabiwe kuwa ni mbichi. Listeria ina ubaya wa ziada: huendelea kuongezeka taratibu hata ndani ya jokofu.

Nani nyumbani anaumia zaidi?

Mtu mzima mwenye afya akipata salmonela mara nyingi ataharisha siku chache na kupona. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Nimemlisha paka wangu hivi miaka mitano, hatujawahi kuugua." Huenda ni kweli. Swali la kujiuliza ni nani mwingine anaishi chini ya paa hilo.

Watoto chini ya miaka mitano. Hutambaa sakafuni, hushika bakuli la paka, hutia vidole mdomoni. Kinga zao bado changa na mwili wao hupoteza maji haraka wakiharisha. E. koli ya O157 inaweza kumfikisha mtoto kwenye figo kushindwa kufanya kazi. Uingereza mwaka 2017 watu wanne waliugua kwa aina moja ya bakteria hao na mmoja akafariki. Watatu kati yao walihusishwa na mbwa waliokuwa wakilishwa nyama mbichi, hasa utumbo.

Watoto na watu wazima wenye seli mundu. Hapa naomba wazazi wawe makini. Kwa mgonjwa wa seli mundu, bandama huharibika tangu utotoni, na bandama ni kiungo kinachochuja bakteria kwenye damu. Salmonela kwake inaweza kutoka tumboni, kuingia kwenye damu na kukaa kwenye mifupa. Ni miongoni mwa sababu kuu za maambukizi ya mifupa kwa wagonjwa hawa. Maumivu yake huweza kudhaniwa kuwa ni maumivu ya kawaida ya seli mundu, na tiba ikachelewa. Nyumba yenye mtoto wa seli mundu isiwe na nyama mbichi kwenye bakuli la paka.

Wajawazito. Listeria inaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mfu, hata kama mama mwenyewe alihisi homa ndogo tu. Toksoplasma tutaieleza hapa chini.

Wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, wanaopata tiba ya saratani, waliopandikizwa figo, wanaotumia dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu, na wazee. Kwao maambukizi ya tumbo yanaweza kugeuka kuwa ya damu.

Kumbuka pia kwamba paka anaweza kuwa mzima kabisa huku akitoa salmonela kwenye kinyesi. Hujilamba sehemu ya nyuma, kisha hulamba manyoya, kisha hulala kwenye mto wa mtoto. Kwa hiyo kuosha bakuli pekee hakutoshi.

Mjamzito na paka: usimfukuze, mpikie

Suala la toksoplasma limeleta hofu nyingi. Wapo waliolazimika kumtoa paka nyumbani mara tu mke alipopata ujauzito. Tuliweke sawa.

Paka huambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea hiki. Baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, mamilioni kwa mamilioni, kisha kwa kawaida huacha. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Hapo ndipo penye nafasi ya kujikinga: choo cha paka kikisafishwa kila siku, mayai hayapati muda wa kukomaa.

Utafiti uliofanyika katika miji kadhaa ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba asilimia 30 hadi 63 ya maambukizi kwa wajawazito yalitokana na kula nyama isiyoiva vizuri. Sehemu nyingine ilitokana na kugusa udongo. Kuishi na paka peke yake hakukuonekana kuongeza hatari.

Hatari kwa mtoto aliye tumboni ipo zaidi pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Akiambukizwa mwanzoni mwa mimba, uwezekano wa kumfikia mtoto ni mdogo lakini madhara yake huwa makubwa zaidi; akiambukizwa mwishoni, humfikia mtoto kwa urahisi zaidi. Madhara yanaweza kuwa kwenye macho na ubongo.

Kwa hiyo mama mjamzito anaweza kuishi na paka wake. Asiwe yeye anayesafisha choo cha paka. Akikosa msaidizi, avae glavu na anawe kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi, na ikiwezekana azuiwe kuwinda katika kipindi hicho. Mama mwenyewe ale nyama iliyoiva, aoshe mboga za majani kwa maji mengi, na avae glavu akilima bustani. Nyama mbichi inayokatwakatwa jikoni kwa ajili ya paka ni hatari kwa mama hata kabla paka hajaila.

Hali ya kwetu

Chakula kibichi cha paka kilichofungwa kwenye pakiti ya rangi bado ni kitu cha maduka machache ya mijini. Lakini tabia yenyewe si ngeni kwetu. Paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hungoja vichwa vya samaki kwa wavuvi. Mitaani tunawatupia utumbo wa kuku, firigisi zilizobaki na mabaki ya bucha. Tofauti ni kwamba kwetu hatukuiita lishe ya asili, tuliiita makombo.

Kuna hatari tatu ambazo kwetu ni kubwa zaidi kuliko kwa mkazi wa Oregon. Ya kwanza ni joto. Nyama ikiachwa kwenye bakuli saa mbili tatu kwenye joto la pwani, bakteria huongezeka kwa kasi kubwa. Ya pili ni kuku wagonjwa. Kukitokea vifo vya kuku mtaani, mizoga hutupwa na paka huila, au mtu huona afadhali ampe paka kuliko kuifukia. Virusi vya mafua ya ndege vimewahi kufika ukanda wetu. Uganda ilivithibitisha Januari 2017 kwa ndege wa porini na wa kufugwa kando ya Ziwa Victoria, ingawa vilikuwa vya aina ya H5N8. Kuku aliyekufa bila sababu kujulikana asiliwe na mtu, asipewe paka wala mbwa. Toa taarifa kwa ofisa mifugo.

Ya tatu ni samaki wabichi. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki wabichi wa aina hiyo kila siku huanza kuyumba, kichwa huinama, na baadaye hupata degedege. Samaki wakipikwa, kimeng'enya hicho hufa.

Ampe nini basi?

Kama uwezo unaruhusu, chakula kikavu au cha kopo kilichoandikwa kuwa ni lishe kamili kwa paka ndicho chepesi na salama zaidi. Kama hakiwezekani, chakula cha kupika nyumbani kinafaa kikipangwa vizuri:

Pika nyama au kuku hadi katikati isiwe na rangi ya waridi na maji yake yawe meupe. Kwa mwenye kipimajoto cha jikoni, kuku afike nyuzi joto 74.

Tumia maji kidogo, na mpe paka mchuzi pamoja na nyama. Moyo na nyama nyeusi ya mapaja ya kuku vina taurini nyingi kuliko kidari.

Usimpe nyama tupu miezi na miezi. Nyama haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa paka anayelishwa nyama peke yake mifupa yake hulainika na kuvunjika. Dagaa waliopikwa pamoja na mifupa yao laini husaidia.

Ini ni zuri kwa kiasi kidogo, mara moja kwa wiki. Likiwa chakula cha kila siku, vitamini A huzidi na kukakamaza mifupa ya shingo.

Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu; huharibu damu ya paka. Kwa hiyo mtolee chakula chake kabla ya kuunga mchuzi wa familia. Usimpe mifupa mikubwa iliyopikwa, kwani huchanika na kutoboa utumbo. Maziwa si lazima. Akipewa, yawe yamechemshwa.

Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu virutubisho vya kuongeza, hasa kwa paka mchanga, mjamzito au mgonjwa.

Katika kuandaa, tumia ubao na kisu tofauti kwa nyama mbichi, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha bakuli la paka kila siku kando na vyombo vya familia, na ondoa mabaki ndani ya nusu saa. Usioshe kuku mbichi chini ya bomba lenye maji mengi. Matone hurukia vyombo vilivyo jirani.

Dalili za kutopuuza

Kwa paka: kuacha kula ghafla, homa, kupumua kwa shida, makamasi na machozi mengi, kuyumba, degedege au kupofuka. Akiwa na dalili hizo baada ya kula nyama au maziwa mabichi, au baada ya kula ndege aliyekufa, mtenge na watoto, vaa barakoa na glavu, na mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpeleka. Usimpe panadol, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Maambukizi ya mafua ya ndege kutoka kwa paka kwenda kwa mtu ni nadra, lakini yanawezekana. Mwaka 2016 jijini New York, aina nyingine ya virusi hivyo, H7N2, ilienea kwa mamia ya paka katika kituo cha wanyama na kumwambukiza daktari wa mifugo aliyewahudumia. Alipata ugonjwa mwepesi na akapona.

Kwa binadamu: kuharisha damu, homa isiyoshuka, mtoto kukojoa kidogo au kulegea, mjamzito mwenye homa na maumivu ya mwili, mgonjwa wa seli mundu mwenye homa au maumivu ya mfupa sehemu moja. Hizi ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, mweleze daktari kwamba nyumbani kuna mnyama anayekula nyama mbichi. Taarifa hiyo fupi inaweza kubadilisha vipimo atakavyoagiza.

Chaguo ni la nani?

Watetezi wa nyama mbichi husema ni haki ya mwenye paka kuchagua chakula cha mnyama wake. Kwa mtu anayeishi peke yake, mwenye afya na anayejua hatari, hoja hiyo ina uzito. Lakini ndani ya familia nyingi, anayechagua chakula cha paka siye anayebeba hatari. Hatari humwangukia mtoto anayetambaa, bibi anayetumia dawa za saratani, au dada wa kazi anayekata nyama bila kuambiwa kitu. Hao hawakuulizwa.

Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kimekuwa na msimamo tangu 2012 wa kutoshauri paka na mbwa wapewe vyakula vya asili ya wanyama visivyopikwa. Yaliyotokea Poland, Seoul, Edinburgh na Oregon yameupa msimamo huo nguvu zaidi. Faida zinazotajwa za nyama mbichi, kama manyoya kung'aa au kinyesi kupungua, paka anaweza kuzipata kwenye nyama bora iliyopikwa. Madhara yake hayana njia hiyo ya mkato.

Dakika 20 za jiko zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya hatari hizi zote, kuanzia salmonela hadi H5N1. Paka hatalalamika; mara nyingi harufu ya nyama iliyopikwa ndiyo inayomleta jikoni mbio.